Maji Yaliyokataa Kufika Mia

Siku yangu ya kwanza kufundisha kanuni ya awamu katika chuo cha ualimu, mjini Butembo, mkuu wa idara aliniita kando akaniambia somo hilo litaondolewa. Laboratwari hatuna, alisema, na wanafunzi wanakariri fomula tu. Kuhusu kukariri alisema kweli. Lakini hao ndio wangekuwa walimu wa watoto wetu, na niliudhika sana. Nikaomba nipewe kipindi kimoja, naye aje kutazama.

Awamu ni hali ya kitu: barafu, maji, mvuke. Kanuni yasema hivi: chukua idadi ya viambato, yaani vitu vilivyomo, toa idadi ya awamu, ongeza mbili, na jibu ni idadi ya mambo, kama halijoto, unayoweza kuyaamua mwenyewe. Maji yanapochemka, kiambato ni kimoja na awamu ni mbili, kwa hiyo unabaki na uhuru mmoja. Kanieneo, yaani mkandamizo wa hewa, ikishajulikana, halijoto huichagui tena.

Nilileta mbabula, lile jiko letu la makaa, sufuria na kipimajoto changu. Maji yakachemka, kipimajoto kikasimama kwenye tisini na nne. Wanafunzi wakaongeza makaa, wakapepea mpaka jasho likawatoka. Hakikusogea. Vitabu vyao vilisema mia, na mkuu akacheka.

"Madame, thermomètre yako imekufa. Donc, hii cours tutaitosha, haitafundishwa tena."

Nilijua kwamba mkuu hurudi kwake Beni kila mwisho wa juma. Nikakifunga kipimajoto katika gazeti, nikamkabidhi mbele ya darasa.

"Chef, beba hii. Ukifika kwako, chemusha maji nayo. Kama imekufa, itakufa na kule."

Jumatatu alinisubiri mlangoni, wala hakunisalimu.

"Beni imepanda mpaka makumi kenda na sita. Ni juu ya nini?"

Nikamweleza kwamba Beni iko chini, hewa inakandamiza zaidi. Sisi tuko juu milimani, maji yanachemka mapema, kwa joto la chini zaidi, ndiyo maana maharagwe yetu hayaivi upesi. Asubuhi ile aliketi benchi la nyuma akasikiliza. Somo likabaki, nami nikalifundisha mpaka nilipostaafu.

Sasa nalima viazi Musienene. Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, mwalimu wa kemia huko Bungulu, mjini Beni, alinipigia simu kwa huzuni: mkuu wake anataka kuliondoa somo lile lile, vyombo hakuna.

"Sufuria iko?" nikamuuliza.

"Iko, Madame."

"Basi thermomètre yangu inakuja na dereva wa kesho. Washa mbabula, na mukubwa wako umuite akae mbele."