Vidonge vya Rangi Mbili na Bosi wa Katy

"Bibi, mzigo iko? Batu ya huku Gulfton banangojea!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye simu yangu, sebuleni, Jumamosi mchana. Masikio yangu yamechoka, kwa hiyo simu naiweka spika. Nyumba nzima inasikia.

Mjukuu wangu Angel akageuka polepole. Mama yake, binti yangu Flaviana, akashusha kijiko.

Na kwenye runinga, bosi wa mafia anabusiwa mkono.

Kaeni vizuri niwaambie, maana haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Katy, mji wa Texas.

Mimi ni bibi wa Rombo, wa darasa la saba. Nimekuja Texas kusubiri mahafali ya Angel. Gauni la kitenge nimeshona kabisa, la bluu, vifungo saba vya shaba.

Jumamosi tunaangalia tamthilia ya Don Bastiano, bosi wa Kitaliano mwenye kitambi na rozari. Angel ananitafsiria.

Huyo mzee ana vituko! Kamari ruksa. Magendo ya sigara ruksa. Unga? Anagonga meza: "Uchafu huo haupiti kwangu!" Halafu wauza unga wanamletea bahasha, naye anaipokea huku kageuza uso, anatazama dirishani.

"Mnafiki mkubwa!" nikasema. "Unga hautaki, bahasha anaitaka."

Ndipo simu ikaita.

"Mama," Flaviana akaniuliza, "mzigo gani?"

"Dagaa."

Simu haikunyamaza. Alikuwa Polycarpe, Mkongo ninayesali naye. "Bibi, ni bile bidonge bya rangi mbili, na bile bya mugongo!"

Ah, Polycarpe! Mdomo gani huo?

Basi nikakiri. Vidonge vya kikohozi na vya maumivu ya mgongo nilivibeba kutoka nyumbani, nimevitia kwenye soksi, soksi nikazizika ndani ya unga wa ulezi. Lakini siuzi, jamani. Mtu hana bima, anakohoa usiku kucha, nifumbe macho? Tena nina sheria zangu: mtoto simpi, mjamzito simpi, asiyekula simpi. Akirudi na kuku wa kienyeji, nimfukuze na kuku wake?

Angel akacheka mpaka akateleza kwenye kochi. "Bibi, wewe ndiye Don Bastiano!"

Flaviana hakucheka. Ni nesi yule.

"Mama, huku kugawa dawa bila cheti cha daktari ni kesi. Na mtu akidhurika je? Leseni yangu ikiguswa tutalala wapi?"

Akabeba Shangazi Kaja wangu mzima mzima, begi la mistari lenye vidonge vyangu vyote.

"Natupa leo hii. Nikikukuta na kidonge kimoja tena, nakukatia tiketi. Mahafali ya Angel utayaonea kwenye simu huko Rombo."

Nikaona gauni langu linaning'inia kabatini bila mwenyewe.

Wiki tatu nikakaa kama malaika. Polycarpe akipiga, namtajia kliniki ya bei nafuu. "Mimi mambo hayo nimeacha, baba."

Jumanne moja nikaingia gereji kutafuta sufuria kubwa. Nyuma ya boksi la mti wa Krismasi, nani huyo? Shangazi Kaja!

Nikafungua. Vya rangi mbili havipo, kweli alitupa. Vya mgongo vipo. Siku anabeba begi zilikuwa paketi ishirini, nakuta sita, zimepangwa vizuri, kinesi nesi.

Mlango wa gereji ukapanda. Flaviana huyo, katoka kazini, kashika kiuno.

Akaliona begi mikononi mwangu.

"Mama..." Sauti ilikuwa ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Wagonjwa ni wazito. Kule kazini nikisema mgongo unauma, wananipunguzia zamu."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia mpaka Krismasi. Nikamkumbuka Bastiano. Nikageuza uso, nikatazama ukutani.

"Sijaona kitu, mwanangu. Nimefuata sufuria." Nikakohoa kidogo. "Ila ile tiketi?"

"Tiketi gani, mama?"

Akanishika mkono, akaubusu.

Sufuria ile ile nikachemshia maji ya chumvi, nikamkanda mgongo mpaka akasinzia. Asubuhi akapiga simu mwenyewe, akaweka miadi na daktari.

Wanangu, anayegonga meza kuliko wote, mchungulieni gereji. Lakini kabla hujamwita mtu mnafiki, toa kwanza spika kwenye simu yako.