Kengele ya Bijou Katika Bonde la Nyasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya nyasi kando ya barabara ya Marabo, nje kidogo ya Bunia. Katsuva anaficha bawa la kwale chini ya kikapu, kisha anawaachilia mbwa wawili wembamba, wa rangi ya kahawia, wasiobweka. Kila mmoja ana kengele ya mti shingoni, lakini leo kengele zimejazwa majani ili zisilie.

Ghafla mbwa wote wawili wanasimama. Hawatazami kikapu. Wameelekeza pua bondeni, ambako nyasi ni ndefu kuliko mtu. Kutoka huko inasikika kengele ya mti. Inalia kwa mwendo wa mbwa anayetembea taratibu, kisha inanyamaza.

"Ni yeye," Katsuva anasema kwa sauti ya chini. "Bijou."

Katsuva ana miaka hamsini na minne. Alihamia hapa akitokea Butembo, na kwa miaka kumi na minane amekuwa akifunza mbwa wa kuwinda ndege. Kazi hiyo huifanya miezi ya mvua, wakati kwale wanalalia mayai na wawindaji wameweka nyavu zao ndani. Mbwa mmoja humchukua miezi mitano. Mwaka jana aliuza wanne, dola sitini kila mmoja, na binti yake Chancelle akamaliza shule.

Mbwa akitembea nyasini, kengele hulia. Akimwona ndege, husimama, na kengele hunyamaza. Hapo mwindaji hujongea na wavu.

"Mbwa ya kweli haiondoke mpaka mukono yangu imuguse mugongo," anaeleza. "Hata mvua inyeshe, hata batu bapite. Bijou nilimufundisha vile. Alikuwa anashika masomo kuliko wote."

Februari ya mwaka juzi, Katsuva na Bijou walipokuwa wanawinda katika bonde hilo, risasi zilianza kulia mlimani. Watu walikimbia. Bijou alikuwa ndani ya nyasi.

"Niliita. Nilipiga mluzi. Kama alikuwa anatembea, ningesikia kengele." Anainama kukaza majani ndani ya kengele ya mbwa mmoja. "Kengele haikulia. Alikuwa amesimama mbele ya ndege, ananingoja. Na mimi nikakimbia."

Familia za bondeni zilihama. Tangu hapo hakuna aliyelima huko wala aliyechoma nyasi, na Katsuva hajaingia tena. Kengele aliisikia kwa mara ya kwanza Agosti mwaka huu, alipoleta mbwa wapya kwenye uwanja huu wa juu.

Katika asubuhi tatu tulizokaa naye, ilisikika mara mbili. Yeye mwenyewe ametafuta maelezo mengine, moja baada ya jingine. Mbuzi? Bondeni hakuna mbuzi. Mwindaji mwingine? Huu si wakati wa kuwinda. Mbwa aliyezurura? Angetoka kutafuta chakula, na watu wa barabarani wangemwona.

Priscille, anayeuza mandazi kando ya barabara, hajisumbui kutafuta maelezo. "Ile haiko mbwa tena," anasema huku akigeuza mandazi. "Muzee asiite jina yake. Ikiitika, atafanya nini?"

Alexis, mwindaji wa Marabo aliyeagiza mbwa hao wawili, alikuja wiki iliyopita kuwaona.

"Muzee Katsuva, ndege iko hapa, mbwa zako zinaangalia kule!"

"Zinasikia mwenzao."

"Mimi nawinda kwale, siwindi mashetani," Alexis alimjibu akicheka. Hata hivyo aliondoka bila mbwa, na hakupita njia ya bondeni. Amempa muda hadi Noeli.

Lakini si Alexis anayemnyima Katsuva usingizi. Familia za bondeni zinajiandaa kurudi, na chifu wa eneo ameruhusu nyasi zichomwe Desemba ili mashamba yafunguliwe. Katsuva anakubali kwamba ni haki yao.

"Ninajua mbwa haiwezi kusimama zaidi ya miaka mbili," anasema. "Miye si mutoto. Lakini ni miye nilimuambia asiondoke. Moto, sikumufundisha moto. Nikiacha bonde iungue, nitakuwa nimemukimbia mara ya pili."

Kwa hiyo ataingia Jumamosi, kabla ya moto. Chifu amemwambia kwamba kwa sasa hakuna watu wenye silaha huko. Ataacha mbwa wapya nyumbani. Ataifuata kengele, na ikinyamaza atapapasa nyasi kwa mkono mpaka aguse kitu, au mpaka awe na hakika kwamba hakuna kitu.

Mke wake, Emérance, alimkataza kwa siku mbili. Jana jioni, akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, alimpa sharti lake.

"Baba Chancelle, nitasimama barabarani, nitakuwa nakuita jina. Weye ujibu kila mara."

"Nitajibu."

"Ukinyamaza, sitakimbia kama weye ulikimbia," alisema bila kuinua macho. "Nitaingia."