Kitenge cha Kukamulia

Leo nimefungua sanduku la marehemu mama nikakutana na harufu ya moshi, samli na ng'ombe. Kumbe kitenge kile kilikuwa bado kimo, chini kabisa.

Tulikuwa tumehamia kijijini Nyakahura kutoka pembezoni mwa Mwanza, kwa sababu bibi mzaa baba alikuwa amefariki na ng'ombe wake hakuwa na mtu wa kumtunza. Mama hakufungua mabegi. Kila asubuhi alinawa kwa sabuni ya kunukia, akachuchumaa kukamua, na kila asubuhi ng'ombe alipiga ndoo teke, akabana maziwa.

"Ananichukia," alimwambia baba. "Nirudishe mjini."

Mama mmoja jirani, aliyekuwa akipita na majani, alisikia. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia mama. "Hakuchukii. Anamngoja bibi. Kitenge chake cha kukamulia kipo?"

Kilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kimekakamaa kwa maziwa yaliyokauka. Mama, ambaye hata kanga ya dada yake alikuwa haazimi, alikitungua akajifunga. Ng'ombe akamnusa tumboni kwa muda mrefu, akashusha pumzi, na maziwa yakaanza kugonga ndoo. Mama alimlazia paji la uso ubavuni. Mabega yalimtetemeka, lakini mikono haikuacha kukamua.

Jioni ile alifungua mabegi.

"Dada, hiki nikifue?" binti anayenisaidia kazi ameniuliza sasa hivi, amekishika kwa vidole viwili.

Nimekichukua, nikajifunga.