Jeneza Mbele, Gari Nyuma

Nacheka mimi sasa, lakini wallahi siku ile nilitamani nifukiwe mimi badala ya yule marehemu. Nyinyi mnaoniuliza kila siku kwa nini mtu mzima mwenye wajukuu hapandi gari ila kiti cha nyuma, haya, kaeni vizuri, nasema leo na msinikumbushe tena.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, mimi nshapindukia thelathini, nachoma chokaa Chwaka. Kifua kilikuwa kimeanza kunisumbua (nakohoa mpaka mke wangu Mwanaidi hapati usingizi), tukasikia zahanati yetu itapewa gari na anatakiwa dereva mwenyeji mwenye leseni. Nikasema hapa ndipo pangu. Nikenda mjini kujifunza kwa mwalimu mmoja mwenye gari kuukuu, nikateseka na klachi mpaka shati linaroa jasho, na siku ya mtihani nikatoka alfajiri hata chai sikunywa, maana nikishindwa kazi anapewa mwengine na mimi narudi tanurini na kifua changu.

Mtahini alikuwa askari wa trafiki, mtu mnene asiyecheka. Akakaa kushoto na karatasi zake mapajani. Nikaendesha vizuri, jamani, msinicheke, vizuri kabisa, mpaka tukafika mteremko wa Kilimani, hapo likachomoza jeneza kutoka njia ya pembeni, watu wengi, wanakwenda mbio mbio na tahalili yao, La ilaha illa Llah, wakaingia barabarani mbele yetu.

Sasa nyinyi mnajua. Jeneza likipita, mwanamme hukai kitako ukalitazama. Unateremka, unatia bega japo hatua chache, umjue maiti usimjue. Na (niseme kweli) nilitaka na afande aone kuwa mimi mtu wa dini. Nikasimamisha gari, nikazima moto, nikafungua mlango nikateremka. Mtu wa baiskeli mimi, nimezowea ukishateremka umeshateremka. Breki ya mkono haikunipitia hata kichwani.

Nikapenya mpaka mbele, nikapokea mti wa jeneza begani. Sijavuta hata pumzi nikasikia nyuma, "Wee! Wee bwana! Gari!" Nikageuza shingo. Gari inakuja, inateremka polepole nyuma ya watu, na afande ndani yake anahangaika kuifikia breki, na breki yenyewe ilikuwa kule upande wa mlango wa dereva, tumbo lake halimruhusu, karatasi zinaruka dirishani.

"Nipokeeni!" nikasema. "Nipokeeni jamani, gari yangu ile!"

Nani akupokee? Kila mwenye bega ameruka pembeni au ameikimbilia gari. Jeneza huliachii, litaanguka, na gari huifuati, una jeneza begani. Basi nikawa nakwenda tu, machozi yananitoka kwa khofu, nasema yule askari atakufa na mimi ndiye niliyemuua. Mzee mmoja aliyebeba upande wa pili akanitazama kwa huruma.

"Subiri, mwanangu," akaniambia. "Sote ni huko huko. Alikuwa nani wako?"

"Gari, mzee," nikamjibu.

Nadhani mzee aliona msiba umenivuruga akili.

Huko nyuma wanaume wameikumbatia gari kwa mbele, wanaizuia kwa vifua vyao, kofia zimeanguka, ndara zimebaki njiani, na tahalili haikukatika. Ikaja ikasimama kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Afande akatoka, mzima, alhamdulillahi. Nilipopata wa kunipokea nikamkimbilia.

"Afande, niwie radhi, nilikuwa..."

"Nenda kazike," akasema. "Thawabu zako ziko huko. Hapa huna kitu."

Nikenda kuzika kweli, ningekwenda wapi? Nikajiweka nyuma kabisa, kichwa chini, na bado watu wananionyesha kwa kidole, yule ndiye mwenye gari. Tulipokwisha kufukia akanijia mtoto wa marehemu, mtu mzima kama mimi, akanishika mikono yote miwili. Nikajua sasa natukanwa.

"Nimekuona," akasema. "Watu walikimbia, wewe hukumwachia mzee wetu. Mwenyezi Mungu akulipe."

Nilitaka kumwambia kwamba ningelipata wa kunipokea ningelimwachia zamani. Sikuweza, macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema "Amin", nikaona haya kuliko haya zote za siku ile. Kazi ya zahanati akapewa mwengine. Mwanaidi aliona bega lilivyovimba, akanikanda kwa maji ya moto, na asubuhi nikarudi tanurini.

Usukani sijaugusa tena na siugusi, hata kiti cha karibu yake sikikai. Lakini jeneza likipita natia bega, na nikishalitia, mnipokee msinipokee, siliachi mpaka kaburini.