Ushauri Uliotaniwa Kabla ya Kumfikia Rais

Jambo hili lilinigharimu jogoo mmoja na soli za viatu, na nusura linigharimu kazi. Bei nzuri, mwanangu. Hata leo ningeinunua.

Nakumbuka ilikuwa wakati wa vita vya Kagera, nami karani kijana wa washauri wa Rais katika mambo ya usalama. Siku moja walikutana Kibaha. Taarifa ilisema huko Chole, Kisarawe, wageni wanamiminika, mchele unakusanywa, na wenyeji wakiulizwa hawasemi kitu. Mkubwa wa washauri, Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, alishashika kalamu: Rais ashauriwe kupeleka askari, kijiji kizingirwe.

Mimi Mzaramo wa Msimbu. Nilijua Chole kuna mwali, msichana aliyefundwa ndani, anatolewa kwa ngoma, na habari za mwali haambiwi mgeni. Lakini karani hampingi mshauri. Nikahesabu milango ya chumba kile mara mbili, ndipo nikakumbuka kuwa Mnyamwezi ni mtani wangu, na kwenye utani hakuna cheo.

“Mzee, shikamoo ya kazini ulishaipokea,” nikasema. “Sasa nasema kama mtani. Babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani, wakisikia ngoma wanakimbilia porini. Naona na wewe umerithi mbio.”

Mzee akaweka kalamu chini.

“Ngoma gani, Mzaramo?”

“Ya mwali. Nipe siku tatu nikahakikishe.”

“Vita havingoji sherehe zenu. Kesho saa sita mchana.”

“Na gari.”

“Na gari. Na ofisa mmoja. Ukinidanganya, utazingirwa wewe.”

Gari likakwama mchangani, tukamalizia kwa miguu. Jogoo niliwapa wazee wa Chole ili watukaribishe. Yule ofisa, aliyekuja kukagua maadui, alilishwa pilau, akaitunza ngoma kwa pesa kuliko wajomba wa mwali.

Kesho yake tulirudi na habari kabla ya saa sita, na Mzee Maganga akauchana ule ushauri. Rais akashauriwa Chole iachwe, askari waende mpakani walikohitajika. Mwali akatoka amebebwa mabegani, na hakuna mlango uliovunjwa. Tangu hapo, kila ushauri ukitaka kwenda Ikulu, Mzee aliuliza kwanza: “Mtani wangu yuko wapi aucheke?”

Mwanangu, ukipewa sikio la mkubwa, usimpelekee hofu yako ukaiita ushauri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli. Ila mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wengi. Mungu akupe cheo, akupe na mtani asiyekiogopa. Nami unilipe hivi: ukiona naanza kukosea, niambie ningali hai.