Siku Niliyomwingiza Mkwe Kwenye Mbio za Magari

Mwanangu, umenionyesha picha ya gari unalotaka kununua, la kwenda nalo kazini kila siku na mara mojamoja kulipeleka uwanjani kushindana, ukaniuliza nalionaje. Ni zuri. Usidhani nakucheka kwa dharau. Nacheka kwa sababu picha hiyo imenirudishia siku moja ya ujana wangu, siku ambayo mke wangu akiitaja mbele ya wageni, mimi hutafuta sababu ya kutoka nje.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Baba alikuwa na duka pale Mazwi, mjini Sumbawanga, akinunua mahindi na ulezi kwa wakulima wa Kaengesa na vijiji vya jirani, na mizigo yote ilikuja kwa mikokoteni ya ng'ombe. Akaona wakati umefika tuwe na gari. Akanipa fedha alizokuwa akiweka kwa miaka, akanituma Mbeya nikanunue pikapu. "Pikapu," akarudia nilipokuwa napanda lori la kwenda huko, kama mtu aliyekwisha kunusa kitu.

Mbeya nikamkuta mpima ardhi wa Kizungu anarudi kwao, anauza gari lake. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, limelala chini kama paka anayevizia, na badala ya paa lilikuwa na turubai la kukunja. Siku za kazi alilitumia kwa safari zake, na sikukuu alishindana nalo na wenzake. Alipowasha injini, ule mlio niliusikia mpaka magotini. Bei yake ilikuwa ileile ya pikapu. Nikajiambia, baba kasema gari, na hili si gari?

Baba alilizunguka mara tatu. Mwishowe akauliza, "Magunia yatakaa wapi?"

"Moja litakaa hapa, baba," nikasema, nikimwonyesha kiti cha abiria.

Akaingia ndani, akafunga mlango wa duka, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Basi nikaanza kulitumia kila siku, maana nilikuwa nimeapa kwamba linafaa. Barabara zetu siku zile zilikuwa na tuta la nyasi katikati, na tumbo la gari lilikuwa likilikwangua tuta hilo toka Mazwi hadi Kaengesa. Gunia la ulezi nililiketisha kando yangu na kulifunga kwa kamba, na wazee wenye macho mabovu walilipungia mkono. Mwezi wa Juni, upepo wa baridi wa Ufipa kwetu ulinipiga usoni hadi nikawa naendesha nimejifunga kanga ya mama kichwani. Mama mwenyewe alipanda mara moja tu. Kuingia aliingia, lakini kutoka walimtoa majirani wawili, mmoja akivuta na mwingine akisukuma. "Gari gani hili," akasema akijipangusa, "mtu anashuka kama anaingia kisimani?"

Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na wasichana wa mjini walikuwa wakigeuka nikipita.

Sasa sikiliza. Wakati huo nilikuwa nimemposa Mwajuma, binti wa Mzee Idrisa wa Kasesya, mfanyabiashara wa pale mpakani, mtu mpole, mcha Mungu, asiyependa kelele. Posa alishaipokea. Ila alisema kabla ya kupanga siku ya harusi angependa aje aione nyumba atakayoishi binti yake na akae kidogo na wazazi wangu. Baba akafurahi, akawaalika wazee wa ukoo, mama akapika tangu alfajiri. Mimi nikapewa kazi moja tu: kumfuata mgeni Kasesya na kumfikisha nyumbani kwa heshima.

Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo, saa nane mchana, kulikuwa na michezo kwenye uwanja wa ndege, ambao zamani zile ulikuwa nyasi zilizofyekwa tu. Na katika michezo hiyo palikuwa na mbio za magari. Bwana shamba wa Kizungu angekuja na Landrova lake, na kijana mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa angekuja na gari lake jeusi. Mimi nilikuwa nimeshatangaza mji mzima kwamba wote wawili watakula vumbi langu.

Nikapiga hesabu zangu: nitamfuata mzee mapema, nitamfikisha nyumbani, kisha nitachomoka. Lakini Mzee Idrisa hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alikunywa chai, akaaga majirani mmoja mmoja, akavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kisha akaenda kuchukua kapu la mayai, zawadi kwa mama. Tulipouona mji wa Sumbawanga, saa nane ilikuwa imekaribia sana.

"Baba," nikamwambia, "tupite uwanjani hapo mara moja tusalimie watu."

"Kusalimia watu ni jambo jema," akasema.

Tulipofika, magari mawili yalikuwa yamekwisha jipanga, na mshika kitambaa alikuwa ameinua mkono. Watu wakapiga kelele, "Amekuja! Amekuja!" Mzee akadhani ni salamu, akawapungia. Nikajisogeza kwenye mstari. Kumshusha kulihitaji watu wawili na muda, nami sikuwa na hata kimoja.

"Baba, shika kapu vizuri."

"Kwani tunakwenda wapi?"

Kitambaa kikashuka.

Mwanangu, mzee alitoa shahada nzima kabla sijaingiza gia ya pili. Kofia yake iliruka tukiwa bado tunawaona watu wa mwanzo. Tulitakiwa kuzunguka mapipa mawili, moja kila mwisho wa uwanja, mara tatu. Kwenye pipa la kwanza mayai yalianza kutoka kapuni. La pili, mzee alikuwa amenishika sikio, si kwa kuniadhibu, bali ndicho alichokiona karibu. Mzunguko wa pili tukampita yule kijana wa Kihindi, akabaki bwana shamba peke yake mbele yetu.

Hapo nikasikia sauti kando yangu. "Kanyaga!"

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Kanyaga, mtoto wewe! Huyu naye atatushinda na hilo banda lake?"

Nikakanyaga. Tukampita. Uwanja wote ukasimama ukipiga vigelegele, mzee kanzu imejaa ute wa mayai na mkono juu, nami nikajiona nimeoa tayari. Kwa furaha ile nikasahau pipa la mwisho. Nilipogeuza usukani, gari likazunguka kama pia, likatoka uwanjani kinyumenyume, likapanda kichuguu na kukaa juu yake, magurudumu yakizunguka hewani. Bwana shamba akapita taratibu, akashinda.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini ningeweza kumrudishia Mwajuma maiti ya baba yake. Hilo halikunijia mpaka nilipomtazama mzee akichungulia kapu tupu mapajani.

Watu walipomtoa, baba yangu alikuwa ameshafika kwa baiskeli, anahema. Alikuwa ameambiwa na wapita njia kwamba mgeni wake anashindana. Akaanza kuomba radhi. Mzee Idrisa akamshika bega kumtuliza, kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Sitakuficha, kijana. Mwishoni pale nilifurahi. Sijafurahi hivyo tangu ujana wangu, na hilo ndilo linalonitia aibu. Gari nakusamehe. Mayai nakusamehe. Lakini uliniambia tunakwenda kusalimia watu."

Nikainamisha kichwa.

"Ulijua tunakokwenda, mimi sikujua. Ukaiweka roho yangu mchezoni bila kuniuliza. Binti yangu naye utamwambia hivyo? Na jambo la pili. Umekaa kiti kimoja, mimi nimekaa kingine, ambacho ni cha Mwajuma. Mkijaliwa mtoto, atakaa wapi? Mama yako akiugua, nani atabaki barabarani?"

Akajipangusa ute wa mayai mkononi.

"Mazungumzo ya leo hayapo," akamwambia baba. "Lakini chakula nitakula." Akapanda nyuma ya baiskeli, na baba akampeleka Mazwi akinyonga pedali, mgeni wa heshima na kanzu yake ya manjano. Mimi nilibaki kushusha gari kutoka kwenye kichuguu.

Baadaye nilipata mtu aliyelipenda lile gari jekundu, tukabadilishana, akanipa pikapu kuukuu iliyokosa mlango mmoja. Msimu mzima nikabeba mahindi ya Kaengesa, na baba akaanza tena kunisemesha, kwanza kwa habari za magunia, halafu na mengine. Ndipo nikaenda Kasesya kuomba msamaha. Mzee Idrisa akapanda nyuma ya pikapu, akajinyoosha humo chali mbele ya majirani zake wote, akapima urefu. "Hapa hata mgonjwa atalala," akasema, kisha akamwita mkewe waanze kupanga siku ya harusi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi gari lako. Kupenda mwendo si dhambi, nami ninayekwambia niliupenda. Ila la kila siku na la mashindano ni mambo mawili, na mtu akiyataka yote katika gari moja, mara nyingi ni watu wa nyumbani kwake wanaobanwa. Kabla hujalipa, waketishe humo wote wanaokutegemea, hata kwa mawazo tu, uone nani amebaki nje. Na ukienda kushindana, nenda na roho yako mwenyewe, au ya mtu uliyemwambia ukweli akakubali. Usimfiche aliyekaa kando yako mnakokwenda.

Mungu akupe gari lenye breki nzuri na moyo unaojua kuzitumia. Akufikishe kila uendako, akurudishe mzima kwa wanaokungoja, nao wakukute mkweli. Amina.