Mchanga wa Zuena

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kigoda jikoni, simu nimeiweka juu ya debe la unga kwa sababu hapo ndipo mtandao unapokamata, nikisubiri ujumbe wa Bertha. Mwanangu anafanya kazi Iringa, kwenye ofisi inayopeleka watu kupanda milima. Kesho yake alikuwa anawaleta wageni kumi na wawili hapa kwetu Ruaha Mbuyuni, walale kwenye mahema kabla ya kwenda mlimani, na mahali atakapopachagua ndipo ofisi yao itakuwa inaleta watu siku zote. Palikuwa na sehemu mbili tu: kwangu, kule juu kwenye mawe, au kwa Zuena, kwenye mchanga wa korongo.

Ujumbe uliingia jogoo wa kwanza. "Mama tumechagua kwa mama mkubwa. Kuna kivuli. Usikasirike."

Nilichukua ufagio nikaenda kufagia uwanja ambao hakuna mtu angekuja kuulalia.

Zuena si ndugu yangu. Bertha humwita mama mkubwa kwa sababu alimlea miaka mitatu. Zuena alizaliwa Iringa mjini, kwenye ukoo wa wafanyabiashara ambao babu yao alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, asirudi tena. Aliolewa na Bushiri, mnunuzi wa vitunguu, wakahamia hapa bondeni kwenye joto, na tangu siku ya kwanza alifanya mambo yake taratibu, kama mtu asiye na hofu ya kunyang'anywa kitu. Aliweka meza kando ya barabara kuu akauza chai ya tangawizi na chapati kwa madereva wa malori wanaojiandaa kupanda mlima wa Kitonga. Wanawake wengi tuliuza chai. Mimi chapati zangu zilikuwa kubwa kuliko zake, na hiliki niliweka. Madereva walinipungia mkono vizuri sana, wakaenda kusimama kwake.

Nilimwangalia sana Zuena. Najua ana kanga ngapi. Najua hucheka kwa kufunika mdomo, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsikia akigombana. Mtu wa namna hiyo ukimchukia unaonekana mbaya peke yako.

Baadaye alinunua ule mchanga wa korongo, chini ya mlima, eneo ambalo halioti mahindi wala nyanya. Tulimcheka. Hakufanya kitu chochote pale. Hakufagia, hakukata mti. Migunga ikakua ikainama juu ya mchanga mweupe, upepo ukawa unashuka kutoka milimani kwa njia hiyo hiyo ya korongo, na kelele za malori hazifiki.

Mimi niliposikia mwezi wa tisa kwamba ofisi ya Bertha inatafuta mahali pa kambi, nilifanya kama nilivyofundishwa na mama yangu. Mgeni anapokelewa kwenye uwanja msafi, udongo mtupu unaong'aa, pasiwe na jani wala mahali pa nyoka kujificha. Nilikata migunga yangu yote minne. Niling'oa nyasi, nikachoma mizizi, nikafagia asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Bertha alipokuja kukagua, na mwenzake Shedrack, kijana wa Ilomba kule Mbeya, alisimama katikati ya uwanja akageuka pande zote.

"Mama, miti iko wapi?"

"Nimesafisha."

"Mama, mbona ulikata? Watu watalala wapi na jua hili?"

Shedrack alishika jiwe akautoa mkono haraka. "Hapa jiko hatuleti," akasema. "Tunavunja mayai tu juu ya mawe."

Nilicheka naye. Halafu wakaenda kwa Zuena, na nilisimama mlangoni nikihesabu muda waliokaa huko. Walikaa mpaka jua likaegemea. Mtu mvivu akawa ndiye mwenye kivuli.

Wageni walifika siku ile ya ujumbe, saa tisa alasiri, walimu na wauguzi kutoka Mbeya, watu wazima wenye kofia. Nilijitwisha beseni la karanga za kuchemsha nikashuka korongoni. Nilitaka kumwona mtoto wangu. Nilimkuta ameketi mkekani, amemwegemea Zuena begani, anakunywa chai kwenye kikombe cha Zuena. Hakuwa ameomba kile kikombe. Alikichukua tu, kama mtu anavyochukua kitu cha kwao. Kwangu Bertha huuliza: Mama, naweza kutumia hiki?

"Karibu Mama Bertha," Zuena akasema, akasogea kunipisha. "Mwanetu amenenepa huko mjini."

"Mwanangu alikuwa hivyo hivyo tangu mdogo," nikajibu, nikabaki nimesimama.

Ndipo nilipowaona chungu. Walikuwa wanapanda kwenye shina la mgunga, mstari mrefu, kila mmoja na yai lake jeupe mdomoni. Nikatazama milimani. Juu yetu mbingu ilikuwa safi, joto linauma, lakini milima ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi tangu juu hadi kiunoni.

Zuena aliaga akaenda nyumbani kuwahi swala ya magharibi. Nilimvuta Bertha pembeni.

"Hamisheni haya mahema."

"Mama, tulishaongea."

"Maji yatakuja."

Shedrack alikuwa anafunga kamba ya hema, akainua uso. "Maji gani, Mama? Hapa hata jasho linakauka kabla halijatoka."

"Mvua si lazima inyeshe hapa. Inanyesha kule, maji yanakuja huku."

"Maji ya korongo yanapita upande ule," Bertha akasema, akanyoosha kidole kwenye mfereji mwembamba ng'ambo. "Mama mkubwa ana miaka sita na eneo hili, hayajawahi kufika huku."

"Yalifika. Yalibeba vitunguu vyetu, magunia arobaini, hapa hapa uliposimama."

Mwanangu alinitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Viliibiwa, Mama. Maisha yangu yote umeniambia viliibiwa." Kisha akashusha sauti ili wageni wasisikie. "Huu ni wivu. Kila mtu hapa anaujua. Tafadhali usiniaibishe kazini."

Ulikuwa wivu, ndiyo. Lakini maji nayo yalikuwa maji.

Mwaka ule Bertha alikuwa darasa la nne. Mimi na mume wangu Sosthenes tuliukodi mchanga huu kwa mzee aliyekuwa mwenyewe wakati huo, Obeid, ambaye sasa ni marehemu. Vitunguu ukishaving'oa unavikausha kwanza ndipo unavifunga, na shambani huchukua siku nyingi. Mimi nilikuwa nimewaona wenzangu wameshauza, wamenunua mabati, na sikuweza kuvumilia. Nikasema tuvianike kwenye mchanga wa korongo, maana una moto, siku nne vimekauka. Mzee Obeid alituonya. Alisema korongo hili hukaa kimya miaka kumi na mbili, kumi na tano, halafu siku moja linakumbuka. Sosthenes alisita. Mimi nilisukuma.

Maji yalikuja usiku wa nyota, hapakuwa na tone la mvua. Alfajiri tulikuta mchanga umelala laini kama hakuna mtu aliyewahi kuukanyaga. Huku kwetu mtu akipata hasara anasaidiwa, lakini aliyeonywa akakataa huchekwa hadi watoto wake wachekwe. Kabla watu hawajaamka nilifuta tope kwenye mashina ya migunga kwa mikono yangu, shina moja baada ya jingine, kisha nikapanda kijijini nikilia kwamba tumeibiwa. Mzee Obeid alikuwa kwa binti yake Ilula mwezi ule. Aliporudi sidhani kama alisadiki, lakini hakuwa mtu wa maneno.

Mtu mmoja akasema, "Bushiri si alikuwa na lori hapa juzi?"

Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu. Ilitosha. Misimu miwili wakulima hawakumuuzia Bushiri hata kilo moja.

Sisi tulihamia Mgololo, Sosthenes akapata kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Tukiwa tunafunga mizigo Zuena akaja mwenyewe. Akasema mtoto asikatishwe shule katikati ya mwaka, mwacheni kwangu. Mimi nilimwachia. Nilimwachia mwanamke ambaye mume wake nilimvika jina la mwizi, kwa sababu sikuwa na mwingine, na kwa sababu nilijua atamtunza. Miaka mitatu baadaye nilirudi nikakuta mtoto anakunja chapati kama Zuena, anafunika mdomo akicheka kama Zuena. Tangu hapo kila wema wa Zuena umekuwa mwiba kwangu. Bushiri alifariki miaka mitano iliyopita na jina lake lile lile.

Basi nilisimama pale mchangani na beseni langu. Mimi mtoto wangu asingenisikiliza. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye Bertha angemsikiliza.

Nyumba ya Zuena iko juu karibu na barabara, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Nilifika jua limezama, napumua kwa shida.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, Mama Bertha."

"Naanza kuswali. Subiri."

Nilisubiri barazani. Nilimsikia akiinuka, akiinama, na nilitamani kuugonga tena ule mlango kwa ngumi. Kule chini wageni walikuwa wameanza kuimba. Mwishowe akatoa salamu.

"Sema," akasema kutoka ndani. Sijui kwa nini hakufungua. Labda alifikiri nimekuja na maneno ya kivuli na uwanja, na alikuwa amechoka nayo. Nikaona heri nizungumze na mbao.

"Vitunguu havikuibiwa."

"Sema tena."

"Vitunguu vyangu vya mwaka ule. Havikuibiwa. Vilibebwa na maji, pale pale kwenye mchanga wako. Tulionywa na Mzee Obeid, tukaona aibu. Bushiri hakugusa kitu."

Nilisikia mkeka unakunjwa, polepole, mpaka mwisho.

"Ulijua miaka yote hii."

"Nilijua."

"Msibani kwake ulikuja. Ulikaa na wapishi, ukakata vitunguu."

"Nilikuja, dada."

"Nilikuona unalia. Nikasema moyoni, ni vitunguu. Sikukosea."

"Zuena, nitayasikia yote, nitayasema mbele ya kijiji ukitaka. Lakini mlimani kumefunga tangu mchana, na chungu wanapandisha mayai. Mimi Bertha hanisikilizi. Anasema ni wivu."

"Si wivu?"

"Ni wivu," nikasema. "Na maji yanakuja."

Niliisikia simu yake ikilia ile milio midogo ya kubonyezwa, kisha sauti yake, ile ile ya kila siku.

"Bertha, mwanangu. Hamisheni mahema. Sasa hivi, chai mwageni. Hapana, si yeye anayesema, ninayesema ni mimi. Nendeni kwa mama yako, juu kwenye mawe. Ndiyo, najua kuna joto. Laleni na joto."

Alisema mwanangu, na hata saa ile, na hofu yangu yote, neno lile lilinichoma. Mwanangu alibishana nami mbele ya watu kwa ajili ya mchanga. Kwa Zuena aliuliza maswali mawili tu.

Nilibaki barazani. Kule chini wimbo ulikatika. Tochi zikaanza kutembea, mbili, tano, zikajipanga mstari kama wale chungu, zikapanda upande wa kwangu. Nilizihesabu mpaka zikatimia. Ya mwisho ilikuwa inarudi nyuma na kwenda mbele, ikihimiza wengine, nikajua hiyo ndiyo ya Bertha. Zilifika kwenye uwanja wangu, zikatawanyika juu ya ule udongo nilioufagia wiki tatu. Kambi imekuja kwangu. Nilingoja kufurahi.

Kisha nikausikia mlio kutoka korongoni, kama lori linalopanda kwa gia ndogo, ila hili halikupita. Lilikuja likakaa.

"Dada Zuena," nikasema. "Unasikia?"

Mwanga chini ya mlango ulisogea. Nyayo zilikuja karibu kabisa, tukawa tumetenganishwa na ubao tu, nikimsikia anavyopumua. Komeo likalia. Nikajipangusa uso kwa kanga, nikasogea ili anifungulie.

Alikuwa anafunga komeo la pili.